Tangi la Kanisa

Utamu ulikuwa umepanda, na utamu wa zabibu zilizokwisha kukamuliwa haupandi.

Mama Pacha alikichomoa kile kipimo cha kioo cha kupimia utamu, akakifuta kwa aproni, akakitumbukiza tena kwenye jagi la maji ya zabibu. Kikaelea, kikayumba, kikatulia palepale: ishirini na moja. Asubuhi kilikuwa kimesoma kumi na saba, na hiyo kumi na saba ilikuwa ukutani, ameiandika mwenyewe kwa chaki kabla hajawapeleka watoto kliniki. Alikaa kwenye foleni mpaka saa nane mchana. Amerudi, maji ya zabibu yamekuwa matamu kuliko alivyoyaacha.

Akainama kutazama chini ya tangi. Sisimizi walikuwa wamejipanga kwenye ngazi, wanapanda na kushuka kama wafanyakazi wa zamu. Akapitisha kidole kwenye kidato cha kwanza, akakilamba.

"Baba Pacha!"

Mumewe alitokea uani akijipangusa mikono kwenye suruali, uso umemsawijika kama wa mtu aliyeitwa kortini.

"Umetia nini humu?"

"Humu wapi?"

"Kwenye tangi la Kanisa. Usinizungushe."

"Sasa mbona unapayuka? Baba atasikia."

"Kumbe kuna cha kusikia."

Banda lile lilikuwa na matangi mawili tu ya bati lisiloshika kutu, kila moja la lita elfu mbili. La upande wa mlango liliitwa la Dukani. Mvinyo wake uliuzwa madukani na kwenye mabaa, na mwaka wa zabibu zenye utamu kidogo walitia sukari, wala hapakuwa na kosa, kila mtengenezaji hufanya hivyo. La pili, la ukutani, liliitwa la Kanisa. Humo ilikaa divai ya altare, na divai ya altare ni zabibu tupu. Haitiwi sukari, haitiwi maji, haitiwi chochote. Kila mwaka nyumba hii iliandika hivyo kwenye karatasi na kutia saini, na kwa saini hiyo mapadri wa parokia zote za jimbo waliinua kikombe bila wasiwasi.

"Mifuko mingapi?" akauliza Mama Pacha.

"Miwili."

"Ile ya kilo hamsini?"

"Kwani tuna mingine?"

Mama Pacha akakaa juu ya kreti.

"Ulitaka nifanyeje?" mumewe akasema, sasa sauti chini. "Mvua imetuwahi, tumekata zabibu hazijaiva. Kumi na saba! Hiyo ni divai au maji ya kunawia? Itachacha kabla haijafika kwenye kabati la sakristia. Waliturudishia mwaka juzi, wakatuonya. Wakiturudishia tena, agizo limekwenda. Na agizo likienda, Mzee anang'oa shamba. Ulimsikia mwenyewe."

Alimsikia. Nyumba nzima ilimsikia. Mzee, baba mkwe wake, aliweka kijiko chini siku ile akasema bila kupandisha sauti kwamba tajiri mmoja wa malori anatafuta mahali pa kuegesha magari yake, na kwamba mizabibu isiyo na agizo la Kanisa ni kuni. Mzee hakuwa mtu wa kutishia. Akisema ananunua mbuzi, kesho yake mnasikia mbuzi analia.

"Halafu sukari yenyewe ni kitu gani?" mumewe akaendelea, akipata ushujaa. "Inatoka kwenye mmea. Zabibu nazo ni mmea. Vyote viwili kaumba Mungu."

"Basi nenda kamweleze padri hivyohivyo."

"Wewe nawe! Mtu anaokoa nyumba, mwingine anahesabu sisimizi."

Mama Pacha kichwani alikuwa anazunguka shamba zima akitafuta mlango wa kutokea. Mwaga hili, ujaze upya? Zabibu zimekwisha, shambani yamebaki majani. Badilisha na tangi la Dukani? Hilo lilitiwa sukari tangu wiki iliyopita, tena kwa mkono wake. Hapakuwa na tone la maji ya zabibu tupu katika boma lile. Povu lilikuwa limeanza kuchemka juu ya tangi. Kilichoingia hakikuwa cha kutolewa tena.

Alisali pale pale, amesimama, mkono kwenye bati lenye joto. Bwana, nioneshe pa kuanzia. Kisha akasubiri. Alichooneshwa ni kwamba watoto wana njaa na chakula hakijapikwa.

*

Miezi minne alikaa nalo. Mara ya kwanza alijaribu kulisema siku ya kuhamisha divai kutoka tangini kwenda kwenye mapipa. Mzee alipita kukagua mabomba, fimbo kwapani.

"Baba, kuna jambo la hili tangi nataka tuzungumze."

"Linavuja?"

"Hapana, halivuji."

"Basi mambo ya matangi malizaneni na mwenzio. Mimi nimeshachoka na matangi."

Mara ya pili alianza kwa mbali, akasema mwaka huu zabibu hazikuwa na utamu wa kutosha. Mzee akasema miaka yote watu wanasema hivyo. Mara ya tatu mumewe alimkanyaga mguu chini ya meza, tena kwa kisigino. Baada ya hapo alianza kumwambia Mungu tu, kila asubuhi, akijua kwamba Mungu tayari anayo habari.

Karatasi ya Kanisa ikafika siku ya kubandika lebo. Chupa zilikuwa zimejaa ukumbini, elfu mbili na mia sita. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ndiye aliyekuwa mkuu wa gundi. Alibandika msalaba wa dhahabu kwenye kila chupa kwa dole gumba, akiimba, akimwonya kila aliyepita asimtingishie meza. Wifi ndiye aliyekuwa na simu ya kuongea na wateja, kwa hiyo hakuna lililompita, isipokuwa hili.

"Vipimo vimepita!" akatangaza, akipunga bahasha. "Kilevi sawa, uchachu sawa. Karani wa ofisi ya jimbo anasema haijawahi kutoka nzuri hivi. Mnamsikia? Haijawahi! Imebaki saini tu."

Mumewe Mama Pacha akacheka kicheko kirefu kupita kiasi.

Mzee akaipokea karatasi, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Kisha, badala ya kuomba kalamu, akaisukumia upande wa pili wa meza.

"Mwaka huu atie saini mama watoto."

Wifi alibaki na msalaba umening'inia kidoleni.

"Baba, huyu?" akasema. "Si saini ya mwenye nyumba?"

"Saini ya anayejua kilichomo. Mimi nimekuwa nikiandika jina langu kwa kazi ya mtu mwingine. Miaka tisa huyu ndiye anapima, ndiye anaosha, ndiye anaamka povu likipanda. Nimekaa nimefikiri. Kesho aende mwenyewe ofisini, asaini mbele yao, wamjue sura."

Miaka tisa Mama Pacha alikuwa akingoja maneno hayo, au hata nusu yake. Katika nyumba hii yeye alikuwa "mke wa kijana wetu," na wageni walipouliza nani fundi wa divai, vidole vilimwelekea mumewe, naye mumewe alivipokea. Leo heshima imekuja, imekaa mezani, nayo imeletwa na karatasi iliyosema: *Nathibitisha kuwa divai hii imetokana na zabibu pekee, wala hakuna kilichoongezwa.*

"Baba," akasema, "kabla sijatia—"

"Anashukuru," mumewe akamkata. "Amefurahi mpaka kakosa neno. Mwone!"

"Mimi sijasema—"

"Hongera, wifi," dada mtu akasema, mdomo umembetuka, akaurudisha msalaba kwenye gundi. "Vaa basi nguo ya maana. Usituaibishe na hiyo aproni."

Mzee alikuwa ameshasimama. Alipopita nyuma ya kiti cha Mama Pacha alimgusa bega, mara moja, kama anavyogusa mzabibu uliozaa vizuri. Jambo hilo hakuwahi kulifanya. Lilimuuma kuliko kisigino cha mumewe.

Chumbani mumewe alimbembeleza kwa lugha zote. Alimwita mama, akamwita malkia, akamwita jiwe.

"Ni jina tu. Unaandika jina, unarudi, yamekwisha. Nani atakufa?"

"Hakuna atakayekufa."

"Sasa?"

"Sasa jina ni langu."

*

Ofisi ya ununuzi ya jimbo ilikuwa chumba kirefu chenye kabati za chuma na feni moja iliyogeukia upande wa karani. Karani alikuwa mwanamume nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Alimpa Mama Pacha karatasi kabla hajamaliza kusalimu.

"Hapa na hapa. Na tarehe."

"Kaka yangu, samahani. Siwezi kusaini hapa."

"Unatia dole gumba? Wino upo."

"Najua kuandika. Ninachosema, hii divai ilitiwa sukari."

Karani akainua macho kwa mara ya kwanza. Akamtazama yeye, akautazama mlango, akalitazama faili.

"Mama, vipimo vimepita."

"Vipimo vyenu vinapima kilevi na uchachu. Sukari ikishachemka inakuwa kilevi. Hamwezi kuiona."

"Kama hatuwezi kuiona, basi haipo."

"Ipo. Kilo mia moja."

"Nani katia?"

"Nyumba yetu imetia."

Karani akaweka kalamu chini, akasugua paji la uso. "Sikiliza, dada. Mimi fomu yangu ina sehemu mbili. Kusaini, na tarehe. Haina sehemu ya kuungama. Kuungama ni kule, Jumamosi, mstari mrefu. Hapa ukisaini, chupa zinapakiwa leo hii, gari lipo uani. Usiposaini nami nina kazi ya kuandika barua, na kufuta agizo, na kutafuta divai nyingine, na wewe unakwenda nyumbani unakula nini? Kwa nini unanifanyia hivi?"

"Nataka kumwona padri anayesimamia."

"Ana kikao."

"Nitakaa."

Akakaa. Benchi lilikuwa la mbao na mguu mmoja mfupi, kila akipumua linagonga sakafu, na kila likigonga karani anaguna. Watu waliingia na kutoka: muuza mishumaa, fundi wa spika, sista aliyeleta risiti za vitambaa. Karani aliwaeleza wote, kwa kunong'ona kulikosikika mpaka barazani, kwamba yule mama pale ana matatizo kidogo. Sista alimwonea huruma, akampa peremende. Mama Pacha aliishika peremende ile mkononi, gauni lake la maana limelowa mgongoni, akakariri rozari yake mpaka hesabu ikampotea, akaanza upya, ikampotea tena.

Ilipofika saa saba padri alitoka, anatembea haraka, funguo za gari mkononi. Mama Pacha alimkimbilia ngazini na kumweleza yote kwa pumzi moja, ameshika chuma cha ngazi asianguke.

Padri alisimama. Alikuwa mtu mzima, macho mekundu kwa uchovu. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwa miezi minne.

"Umefanya vema kusema," akasema. "Vema sana, binti yangu."

"Asante, padri."

"Siwezi kuipokea. Unaelewa."

"Naelewa. Niliomba tu kujua, mwakani mkitupima tangu siku ya kukamua, mkamtuma mtu aje aone..."

"Hatuna mtu wa kumtuma." Alisema kwa upole, kama anayetoa habari za msiba. "Tutachukua ya kampuni ya nje. Wao karatasi yao inakuja imeshachapwa, na saini ndani."

"Nani anajua wao wametia nini?"

Padri akazigeuza funguo mkononi. "Nitakuombea," akasema, na Mama Pacha aliona kwamba anasema kweli, kwamba atamwombea, na kwamba hicho ndicho pekee alichonacho.

Aliporudi kuchukua mkoba wake, karani alikuwa ameanza kuandika ile barua. Hakuinua kichwa.

"Ungenyamaza tu," akasema. "Sasa sote tuna kazi."

*

Barua haikuhitajika. Wifi alikuwa amepigiwa simu na karani, na Mama Pacha alipofika getini alimkuta amesimama, mikono kiunoni.

"Umerudi, mtakatifu? Karibu! Umetuuza kwa bei gani?"

"Sijauza mtu."

"Chupa elfu mbili na mia sita! Dole gumba langu limekufa ganzi kwa hiyo misalaba! Na wewe," akamgeukia mdogo wake, "mwanamume mzima, unashindwa kumziba mkeo mdomo, lakini sukari unajua kuificha!"

Mumewe alikaa kibarazani, kichwa katikati ya magoti. Hakumtazama mkewe siku ile wala siku tatu zilizofuata. Mzee alijifungia chumbani. Mlango wake ulipofunguliwa, ulifunguliwa kwa ajili ya chai, ukafungwa.

Siku ya nne alikuja mnunuzi wa mabaa. Walimwita Bosi Kreti, kwa sababu hakuwahi kuketi kwenye kiti palipokuwa na kreti. Akakaa juu ya moja, akafungua chupa, akanywa funda kubwa, akalizungusha mdomoni, macho yakamtoka.

"Ala! Hii si ile ya mwaka jana. Ile ilikuwa kali kama matusi. Hii mmefanyaje?"

Mumewe Mama Pacha alitazama sakafu. Wifi alitazama dari.

"Tumetia sukari," Mama Pacha akasema.

Bosi Kreti akacheka mpaka kreti likalia. "Basi mwakani mtie tena! Nachukua zote. Ila bei ni ya baa, siyo ya Kanisa, msinitolee macho. Na mnitolee hii misalaba. Walevi wangu wakiuona msalaba wataogopa, watanywa soda."

Bei ya baa ilikuwa theluthi ya bei ya Kanisa. Wifi alifungua mdomo kubishana, akakumbuka hakuna mteja mwingine, akaufunga. Siku mbili nzima familia ililoweka chupa kwenye mabeseni na kukwangua lebo kwa visu. Gundi ya Wifi ilikuwa gundi kweli. Msalaba uliondoka vipande vipande, ukanasa kwenye kucha, ukabaki kama magamba ya dhahabu mikononi. Mumewe alikwangua kwa hasira mpaka akajikata, na Mama Pacha alipomfunga kitambaa aliukubali mkono wake, akasema maneno ya kwanza tangu siku ile.

"Mimi nilitaka kutuokoa."

"Najua."

"Wewe ulitaka nini?"

Akakaza fundo la kitambaa. "Nilitaka kulala," akasema.

*

Gari la Bosi Kreti lilipoondoka, Mzee alitoka chumbani amevaa buti za shamba. Mkono mmoja ulishika jembe, wa pili kopo la chokaa lenye brashi ndani. Akampitia Mama Pacha jikoni.

"Nifuate."

Walikwenda mpaka mwanzo wa shamba. Mizabibu ilikuwa imepukutisha majani, imebaki vigogo vyeusi kwenye nyaya, safu arobaini. Mzee akampa kopo.

"Nimezungumza na yule wa malori. Nilitaka kumpa lote. Nimempa nusu." Akakohoa. "Safu ishirini zinang'oka. Mimi sijui zipi, macho yangu yananiambia zote ni sawa. Wewe ndiye msema kweli wa nyumba hii, umewaambia ukweli watu wa nje kabla yangu. Sasa niambie mimi. Zipi hazifai? Zipake."

"Baba, usinipe kazi hii."

"Nimpe nani?"

Akachovya brashi. Mwanzoni mkono ulikataa, kisha ukazoea, kwa sababu macho yake yalikuwa yanajua. Alipaka safu ya bondeni, inayopata ukungu kila mwaka. Alipaka mbili za kando ya njia, zilizojaa vumbi. Aliruka ile iliyoonekana mbaya lakini ina zabibu nzito, na Mzee akashangaa. Alikuwa akimfuata nyuma akiulegeza udongo kwa jembe, kila shina lenye chokaa, pigo moja la kuweka alama, akihema.

Kwenye safu ya kumi na tisa Mama Pacha aliweka kopo chini, akachovya brashi upya. Kisha akaipaka yote, shina kwa shina, bila kuinua kichwa.

Mzee akaegemea mpini wa jembe. "Hii si uliyopanda wewe? Mwaka ule ulipoletwa hapa?"

"Ndiyo."

"Kwa mikono yako. Nakumbuka, nilikuonesha jinsi ya kushikilia kipandikizi."

"Haifai, baba. Maji yanatuama chini yake. Mizizi inaoza. Nimejua kwa miaka mitatu."

"Miaka mitatu!" Jembe likamponyoka mkononi. "Miaka mitatu unaipogoa, unaifunga, unaimwagia mbolea, na unajua imekufa? Si ungesema!"

Mama Pacha aligeuka. Chokaa ilikuwa imemwagikia gauni, imemkauka kwenye vidole juu ya zile punje za dhahabu ambazo sabuni ilishindwa kuzitoa. Hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Ningemwambia nani, baba?"

Mzee aliinama kwa taabu, akaliokota jembe. Akaanza kuchimba kwenye shina la kwanza la safu ile.